Nani Aipime Dhahabu? Filamu za Kifilipino baina ya Uhakiki wa Nyumbani na Sifa ya Ugenini



Nilipopewa heshima ya kutoa mhadhara huu wa hadhara, wengi walitarajia kwamba ningezungumzia ushairi, maana huo ndio uwanja niliouzoea. Nilipowaeleza wenzangu kwamba nakusudia kuzungumzia filamu za Ufilipino, mmoja wao aliniuliza, kwa upole lakini kwa wasiwasi dhahiri, kama nilikuwa nimesahau kwamba mfululizo huu ni wa taaluma za Kiswahili. Sikusahau. Naomba mnivumilie kidogo, na hukumu yenu iwe mwishoni.

Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya elfu saba na lugha zaidi ya mia moja. Mwaka 1937 Rais Manuel Quezon alitangaza kwamba lugha ya taifa itajengwa juu ya msingi wa Kitagalogi. Mwaka 1959 lugha hiyo ikaanza kuitwa Kipilipino, na Katiba ya mwaka 1987 ikaiita Kifilipino. Kwetu sisi, ambao lugha yetu ilisanifishwa juu ya msingi wa Kiunguja katika miaka hiyo hiyo ya 1930, habari hii si ngeni hata kidogo. Manung'uniko ya wasemaji wa Kisebuano yanafanana na manung'uniko tuliyoyasikia Mombasa na Lamu kwa muda mrefu. Zaidi ya hayo, bahari iliyotuletea sisi maneno iliwapelekea na wao. Mfilipino anaposhukuru husema *salamat*. Hakimu wake huitwa *hukom*. Juu ya mlingoti hupepea *bandera*, na chakula huandaliwa juu ya *mesa*. Mawili ya kwanza yametoka kwa Waarabu kupitia Kimalei, na mawili ya mwisho kwa Wahispania, kama sisi tulivyopata bendera na meza kwa Wareno. (Msije mkamwomba Mfilipino *pera* mkitarajia tunda: kwake neno hilo ni fedha.)

Neno *hukom* ndilo lililonileta hapa. Swali langu ni hili: kazi ya sanaa iliyotungwa kwa lugha ya taifa, ambayo mataifa makubwa hayaijui, ihukumiwe na nani, na kwa kipimo kipi? Sisi tumelijadili swali hili kwa nadharia tupu. Wafilipino wameliishi kwa zaidi ya nusu karne katika sanaa yao ya filamu.

Jiwe la sonara

Filamu ya kwanza ya hadithi iliyotengenezwa na Mfilipino ni *Dalagang Bukid* ya José Nepomuceno, ya mwaka 1919, nayo imepotea. Kufikia miaka ya 1950 nchi ilikuwa na kampuni kubwa za filamu, wachezaji walioabudiwa na umma, na tuzo za kila mwaka za FAMAS. Lakini tuzo ni jambo moja na uhakiki ni jambo jingine. Ndipo mwaka 1976, utawala wa kijeshi wa Ferdinand Marcos ukiwa katika mwaka wake wa nne, kikundi kidogo cha wasomi kilipojiita *Manunuri ng Pelikulang Pilipino*, yaani Wahakiki wa Filamu za Kifilipino. Mwaka uliofuata walitoa tuzo zao za kwanza, wakaziita *Gawad Urian*.

Naomba tulitazame jina hilo kwa makini, kwa kuwa sisi ni watu wa lugha. *Batong urian* ni lile jiwe la sonara, jiwe jeusi ambalo kipande cha dhahabu husuguliwa juu yake ili mstari unaobaki uonyeshe kama ni dhahabu safi au imechanganywa na shaba. Wahakiki hawa hawakuchagua jina la nyota, taji wala simba. Walichagua chombo cha kupimia. Nasi tunapotumia kitenzi kuhakiki tunabeba ndani yake neno hakika, ingawa sina budi kukiri kwamba baadhi ya maandishi yetu ya uhakiki yanaonekana kulisahau jambo hilo.

Watu hao walikuwa nani? Bienvenido Lumbera alikuwa mtaalamu wa ushairi wa Kitagalogi tangu mwaka 1570 hadi 1898, na mwaka 1974 alikuwa amewekwa kizuizini na serikali. Nicanor Tiongson alitafiti maigizo ya mateso ya Yesu yanayochezwa vijijini wakati wa Kwaresima. Kwa maneno mengine, msingi wa uhakiki wa filamu Ufilipino uliwekwa kwa sehemu kubwa na watu wa mashairi ya kale na ngoma za vijijini, watu wa idara kama hii yetu. Waliona kwamba hadithi zilizokuwa zikisimuliwa na wazee sasa zilikuwa zikisimuliwa gizani mbele ya pazia jeupe, na kwamba wakiendelea kuchambua vina na mizani peke yake watakuwa wamewaacha wasikilizaji wao milangoni mwa sinema.

Mwaka 1976

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu katika mwaka mmoja tu swali langu lote limo.

Desemba ya mwaka 1976 zilionyeshwa Manila filamu mbili. Ya kwanza ni *Insiang* ya Lino Brocka. Inaanza machinjioni, nguruwe wakichinjwa, kisha inatuingiza katika vibanda vya Tondo, ambamo binti aitwaye Insiang anaishi na mama yake mwenye uchungu na bwana wa mama huyo. Bwana anambaka binti. Mama anachagua kumwamini bwana. Binti analipiza kisasi kwa kumtumia mama mwenyewe. Ya pili ni *Ganito Kami Noon, Paano Kayo Ngayon?* ya Eddie Romero, jina ambalo ningelifasiri hivi: Sisi Zamani Tulikuwa Hivi, Ninyi Sasa Je? Hii ni safari ya kijana wa shamba aitwaye Kulas, mnyofu kupita kiasi, anayesafiri kwenda Manila mwishoni mwa karne ya 19, utawala wa Kihispania ukianguka na wa Kimarekani ukibisha hodi. Njiani anakutana na mapadri, waigizaji, wanasheria na waasi, na pole pole anajikuta mbele ya swali ambalo hakuliuliza: Mfilipino ni nani?

Swali hilo halikuwa mzaha. Katika sehemu kubwa ya utawala wa Hispania, neno *filipino* lilimhusu Mhispania aliyezaliwa visiwani. Mwenyeji aliitwa *indio*. Kwamba leo watu milioni mia na zaidi wanajiita kwa jina lililokuwa la watawala wao ni mapinduzi ya kisemantiki, na filamu ya Romero ndiyo hadithi ya mapinduzi hayo. Sihitaji kuikumbusha hadhira hii wino uliomwagwa katika kujibu swali la Mswahili ni nani.

Sasa, Manunuri walipotoa Urian ya kwanza mwaka 1977, filamu bora ilikuwa *Ganito Kami Noon*. Mwaka 1978 *Insiang* ilionyeshwa Cannes, Ufaransa, katika sehemu iliyoitwa wakati huo Quinzaine des Réalisateurs, yaani Majuma Mawili ya Waongozaji, ikawa filamu ya kwanza ya Kifilipino kufika katika tamasha hilo. Nyuma ya safari hiyo alikuwapo Mfaransa Pierre Rissient, mtu mwenye jicho kali na bidii ya mjumbe. Tangu hapo jina la Brocka likaingia katika vitabu vya sanaa ya filamu duniani. *Ganito Kami Noon* haikupata mwangwi wa namna hiyo. Romero alijulikana sana Marekani, lakini kwa kazi nyingine kabisa: filamu za bei nafuu za kutisha, za madaktari wenye wazimu na majitu ya visiwani, alizozitengeneza kwa Kiingereza miaka ya 1960 na 1970. Nyumbani alitunukiwa heshima ya Msanii wa Taifa mwaka 2003; huko ng'ambo wapo wanaomkumbuka kwa damu ya rangi tu.

Je, wahakiki wa nyumbani walikosea, au wa Cannes? Wala hawa wala wale, kwa maoni yangu. *Insiang* ni kazi kubwa, na msiba wa mama na mwana hauhitaji mkalimani. Lakini *Ganito Kami Noon* imejengwa juu ya lugha: juu ya Kulas kutoelewa maneno ya wakubwa, juu ya Kihispania kinachotamkwa kwa majivuno, juu ya jina moja linalobadilika maana mdomoni mwa watu tofauti. Maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha hayawezi kubeba mzigo huo. Sifa ya ugenini huchagua kile kinachovuka maji bila kulowa. Hilo si kosa. Hata hivyo ni hatari kudhani kwamba kilichobaki ufukweni hakikuwa na thamani.

Hata kilichovuka hakivuki kizima. Chukueni filamu ya Brocka ya mwaka 1975, *Maynila, sa mga Kuko ng Liwanag*, Manila katika Makucha ya Nuru, iliyotokana na riwaya ya Edgardo M. Reyes. Mvuvi kijana anakuja mjini kumtafuta mpenzi wake aliyepotea. Mpenzi huyo anaitwa Ligaya Paraiso. Mtazamaji wa London anaona jina la msichana. Mtazamaji wa Manila anasikia Furaha na Pepo, na anapomwona Ligaya amefungiwa ndani ya nyumba ya mtu aliyemnunua, jina lenyewe linamchoma. Sisi tuna istilahi ya mbinu hiyo, majazi, na mwanafunzi yeyote aliyesoma *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, ambamo ndugu wawili wanaitwa Hasidi na Mwivu, angeitambua mara moja. Niliyasoma makala kadhaa ya Kizungu juu ya filamu hii kabla sijakutana na moja lililotaja maana ya jina hilo.

Ngao na kioo

Isidhaniwe kwamba nayadharau matamasha ya ng'ambo. Chini ya Marcos yalikuwa ngao. Mke wa Rais, Imelda, alitaka sanaa ionyeshe ukweli, wema na uzuri, na kwa uzuri alimaanisha kila kitu isipokuwa Tondo. Ishmael Bernal alipotengeneza *Manila by Night* mwaka 1980, juu ya usiku wa makahaba, walevi wa dawa na watu wasio na pa kulala, wakaguzi waliikatakata, wakaamuru jina la mji liondolewe katika kichwa cha filamu, na ikazuiwa kwenda Berlin. Naye Brocka, aliyekuwa ameshindania tuzo kuu ya Cannes mwaka 1980 kwa *Jaguar*, akarudi huko mwaka 1984 na *Bayan Ko: Kapit sa Patalim*, hadithi ya mchapaji anayesukumwa na umaskini hadi kwenye uhalifu. Mwaka 1985 alikamatwa kwa kushiriki katika mgomo wa madereva wa *jeepney*. Lakini alikuwa mtu ambaye dunia ilimjua, na mtu anayejulikana hapotezwi kirahisi. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1991.

Serikali hiyo hiyo, ajabu ya maajabu, ilijenga jumba kubwa la filamu kando ya Ghuba ya Manila kwa ajili ya tamasha lake la kimataifa la mwaka 1982. Ujenzi ulifanywa mchana na usiku. Usiku wa Novemba 17, 1981, jukwaa la ujenzi liliporomoka na wafanyakazi wakafunikwa na saruji mbichi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Tamasha lilifunguliwa kwa wakati. Na kutoka katika chombo cha serikali hiyo hiyo ilitoka *Himala*, yaani Muujiza, filamu ya Bernal ya mwaka 1982, ambamo msichana wa kijiji kilichokauka kwa ukame anadai kumwona Bikira Maria, umati unamiminika, biashara inashamiri, na mwishowe anasimama mbele ya maelfu kukana kwamba muujiza wowote ulitokea, kisha risasi inalia. Filamu hiyo ilishindana Berlin mwaka 1983.

Ngao hiyo ilifanya na kazi nyingine ambayo sisi tusioihifadhi sauti ya hata watunzi wetu tuliowazika juzi tungefaa kuitafakari. Joto na unyevu wa Manila huozesha ukanda wa filamu, na filamu nyingi za Kifilipino za kabla ya vita zimetoweka kabisa. Ilipofika zamu ya kuikarabati *Maynila*, nakala mama ilikutwa imehifadhiwa London. Ukarabati ulikamilika mwaka 2013, na ule wa *Insiang* mwaka 2015, zote zikarudi Cannes kama kazi za kale zilizotukuka. Huko nyumbani ni kampuni ya televisheni ya ABS-CBN iliyoanza mwaka 2011 kukarabati filamu za zamani kwa makumi, na mwaka 2020 kampuni hiyo ikanyimwa leseni ya kurusha matangazo. Hazina ya taifa iliyoegemea ghala la mgeni na pochi ya mfanyabiashara!

Lakini ngao inayong'aa huwa pia kioo, na msanii huanza kujitazama humo. Baada ya Brocka, dunia ilijifunza kuitarajia Ufilipino ya vibanda na matope. Brillante Mendoza alipotuzwa Cannes mwaka 2009 kuwa mwongozaji bora kwa *Kinatay*, wapo waliofurahi na wapo waliochukizwa. Mhakiki mashuhuri wa Marekani, Roger Ebert, aliiweka miongoni mwa filamu mbaya kuliko zote zilizopata kuonyeshwa huko. Nyumbani lawama ilikuwa tofauti: kwamba umaskini wetu unauzwa. Jina lenyewe, kwa wanafunzi wa sarufi, linavutia: *kinatay* ni kitenzi cha kutendwa, neno moja lenye uzito wa sentensi, alichinjwa, bila kumtaja mchinjaji. Na hicho ndicho kiini cha filamu: mwanafunzi wa upolisi aliyeoa asubuhi hiyo analetwa usiku kushuhudia mauaji, na asifanye lolote. Anayesema kwamba filamu hii inauza umaskini hajalisikiliza jina lake. Inauliza juu ya aliyekuwapo akanyamaza.

Kuhusu Lav Diaz sitasema mengi, kwani filamu zake zina urefu wa kutosha zenyewe. Alipata Chui wa Dhahabu Locarno mwaka 2014 kwa filamu ya zaidi ya saa tano na nusu, na Simba wa Dhahabu Venice mwaka 2016 kwa *Ang Babaeng Humayo*, Mwanamke Aliyekwenda Zake. Anayelalamikia urefu wake akumbuke ni mikesha mingapi ilihitajika kuukariri utenzi mmoja mrefu.

Tuzo kutoka Kairo

Tumezoea kusema "nje" tukimaanisha Ulaya. Mwaka 1995 tuzo kuu ya Tamasha la Kimataifa la Filamu la Kairo, Piramidi ya Dhahabu, ilikwenda kwa filamu ya Kifilipino, na Nora Aunor, yule yule msichana wa *Himala*, akatangazwa mwigizaji bora wa kike. Filamu hiyo, iliyoongozwa na Joel Lamangan, ilisimulia maisha ya Flor Contemplacion, mtumishi wa nyumbani aliyenyongwa Singapore Machi 17 mwaka huo huo kwa kosa la mauaji, huku wananchi wenzake wengi wakiamini kwamba hakutenda.

Katika vitabu vingi nilivyovisoma, tuzo hii ya Kairo hupitiwa kwa mstari mmoja, au haitajwi. Kwangu mimi ina uzito wa pekee. Majaji waliokaa katika mji wa Afrika waliitambua hadithi ya mwanamke anayewaacha wanawe ili akalee wana wa wengine. Leo hii mabinti wa Kenya, Uganda na Tanzania wanapopanda ndege kwenda Ghuba, hadithi ya Flor ni yetu kabisa. Nora Aunor alifariki Aprili 2025. Alikuwa mweusi kuliko warembo waliopendwa na sinema ya wakati wake, mtoto wa watu wa chini aliyewahi kuuza maji kando ya reli, na mashabiki wake wa kwanza walikuwa hao hao watumishi wa nyumbani.

Hadhira yetu ya kawaida imekwisha kuwajua Wafilipino kwa njia yake. Tamthiliya yao ndefu ya televisheni, *Pangako Sa 'Yo*, ilipofika Afrika Mashariki miaka ya 2000 kwa jina la *The Promise*, mitaa ilitulia saa ya kuonyeshwa kwake. Idara zetu hazikuandika neno. Ilipotoka mwaka 2021 filamu ya Amil Shivji, *Vuta N'kuvute*, kutokana na riwaya ya Adam Shafi, ikaonyeshwa Toronto, tulisubiri magazeti ya huko yatuambie kama ni nzuri. Tulikuwa na riwaya rafuni, tumeifundisha kwa miaka, na jiwe la sonara tulikuwa nalo mfukoni.

Niseme jambo la mwisho, dogo. Kwa msaada wa mtawa mmoja wa Kifilipino aliyefanya kazi katika nchi yetu kwa muda mrefu, wanafunzi wangu kadhaa wamejaribu kuifasiri *Ganito Kami Noon* moja kwa moja kwa Kiswahili, bila kupitia Kiingereza. Kazi imekwenda vizuri isipokuwa kwa neno moja, *indio*. Wa kwanza alipendekeza mwenyeji, akakumbushwa kwamba hilo ni neno la heshima kwa mwenye nyumba. Wa pili akasema mshenzi, na binti mmoja kutoka bara akatoka nje ya chumba. Wa tatu akaleta mzalia, na hapo likaanza jambo jipya: katika historia ya pwani yetu mzalia alikuwa mtumwa aliyezaliwa huku, ilhali katika filamu aliyezaliwa huku ndiye aliyejiita *filipino*. Tulibishana alasiri nzima. Mtawa alitusikiliza, akacheka, akasema kwao pia walibishana hivyo hivyo, na kwamba Kulas mwenyewe hakujua. Kikao kinachofuata ni Alhamisi saa kumi, chumba kile kile, na mlango uko wazi kwa yeyote mwenye neno.